Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari miwili. Niliuandika 2021, saa nane usiku, nikimwandikia mtu nisiyemjua, aliye katika nchi nisiyoijua. Nilikuwa na kibarua cha kumtengenezea mteja tovuti, mteja alikuwa ameshapiga simu mara tatu siku hiyo, na kifurushi kimoja nilichokitegemea kilikuwa kimegoma. Tiba ilikuwepo. Mtu mwingine alikuwa ameiandika, mistari tisa tu, na ilikuwa imekaa miezi minne ikingoja mwenye mradi aipitishe. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha hasira maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: kwani huu mradi umekufa? Kama umechoka, si umpe mtu mwingine.

Kufikia asubuhi watu kumi na wanne walikuwa wameniwekea dole gumba. Siwezi kudanganya, nilijisikia poa sana.

Kama hushughuliki na mambo haya, kifurushi ni kipande cha msimbo ambacho mtu alikiandika, akakifunga, akakiweka mahali pa wazi ili mwingine asihangaike kukiandika upya. Ukijenga programu leo, kazi ya mikono yako ni kijisehemu tu. Zilizobaki ni mamia ya vifurushi vya watu usiowajua, na kila kimoja kinategemea vingine. Ukiagiza kimoja, mashine yako inaenda yenyewe kuvivuta vyote. Kesho mwenye kifurushi akikibadilisha, mashine nyingi zitavuta badiliko hilo pia, na hakuna atakayeulizwa. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kubadilisha si swali la mafundi peke yao. Benki yako imo humo, na hospitali yako pia.

Ujumbe wangu sikuufikiria tena hadi mwisho wa Machi 2024. Tarehe 29 mwezi huo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza jambo alilokuta kwa bahati. Alikuwa anapima kasi ya vitu vingine kabisa kwenye mashine ya majaribio, akaona kwamba kuingia kwenye mashine hiyo kupitia SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Mimi mtandao ukichelewa nusu dakika bado namshukuru Mungu. Yeye alifuatilia, na mwisho wa kamba akakuta programu ndogo iitwayo xz, kazi yake kubana faili ziwe ndogo. Ndani ya matoleo yake mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa na mlango wa siri. Mtu mwenye ufunguo maalum angeweza kuamuru seva ya mwingine ifanye atakalo, bila nenosiri. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Wiki chache tu zilibaki kabla ya kuanza kuelekea kwenye mashine za watu wa kawaida.

Hadi hapo ni stori ya wezi, na stori za wezi huwa tamu. Kilichoninyima usingizi ni namna mwizi alivyopata ufunguo. Hakuvunja chochote. Alipewa.

xz ilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Halipwi. Mwishoni mwa 2021 ikatokea akaunti ya mtu aliyejiita Jia Tan, akaleta viraka vidogo, vizuri, vyenye adabu. Mwaka uliofuata yakaanza kuja malalamiko kutoka kwa majina mengine. Viraka vinakaa mno. Kazi haisongi. Mmoja akasema hakuna kitakachoendelea hadi mradi upate mtunzaji mpya. Collin akajibu kwa upole kwamba hajapoteza hamu, ila uwezo wake umepungua, akitaja matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili na mambo mengine. Akakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea, isiyo na malipo. Jibu alilopata kutoka kwa mmoja wao lilianza na pole, halafu likaendelea kudai: jua mipaka yako, jamii inahitaji zaidi, kwa nini usimwachie mwingine. Na mwingine alikuwa hapo tayari, kimya, mchapakazi. Kufikia 2023 Jia Tan alikuwa anatoa matoleo ya xz kwa mkono wake.

Wengi waliochunguza kisa hiki wanaamini wale walalamikaji hawakuwa watu wa kweli, bali majina yaliyobuniwa ili kumbana mzee hadi alegee. Nani alikuwa nyuma yao, na nyuma ya Jia Tan, bado haijulikani hadharani. Mimi nilizisoma zile barua mara mbili. Mara ya kwanza nikitafuta uovu. Mara ya pili nikaacha kutafuta, kwa sababu hakukuwa na uovu wowote wa kuonekana. Zilikuwa barua za kawaida kabisa. Zilikuwa na sauti yangu ya saa nane usiku.

Hapo ndipo akili ya mpango ule ilipolala. Mtu anayetaka kumvunja moyo mtunzaji wa programu huria hahitaji kubuni lugha mpya ya vitisho. Tumeshamwandalia. Anaiokota tu jinsi tulivyoiacha, na hakuna atakayeshtuka, maana kila siku watu halali, wenye kazi halali na wateja wenye haraka, wanaandika hivyohivyo.

Sasa, nilikuwa na haki ya kuandika vile? Kila ninapouliza hivi rafiki zangu wa kompyuta wananikatiza: mwenyewe ameweka kitu hadharani, watu wakategemea, basi ana wajibu. Upande wa pili nao wana jibu lao la haraka: ni chake, afanye atakavyo, ukitaka chako andika chako. Majibu yote mawili yananiudhi, na nadhani ni kwa sababu yanachanganya vitu vitatu.

Kuna msimbo wenyewe. Huo leseni imeshaumaliza: yeyote achukue, abadilishe, agawe. Kama sipendi unavyoutunza, nanakili wote, naupa jina jingine, naenda zangu. Hakuna wa kuniomba ruhusa wala wa kunipa.

Kuna jasho, yaani usiku wa mtu, macho yake, Jumamosi zake. Hilo ni lake, na hakuna leseni hata moja duniani iliyolitoa.

Halafu kuna jina, na ubishi wote uko hapa. Jina ndilo mahali ambapo mashine za dunia zimezoea kwenda kuvuta. Unaweza kuchimba kisima kingine kando, hata maji yake yakawa matamu zaidi, lakini punda wote wa kijiji wanaijua njia ya kile cha zamani. Tunapouliza nani abadilishe kifurushi cha wote, tunauliza nani amekabidhiwa njia ya punda.

Mwaka wa 2016 tulionyeshwa jambo hili kwa njia ya kuchekesha. Azer Koçulu alikuwa na kifurushi kiitwacho kik, na kampuni ya Kik ikalitaka jina hilo. Kampuni ya npm, iliyokuwa inaendesha ghala la vifurushi vya JavaScript, ikaamua jina liende kwa Kik. Koçulu akakasirika, akaondoa kila kitu chake humo ghalani, vifurushi 273. Kimoja kiliitwa left-pad. Mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa ulimwenguni ikaanguka kama dominoo, kwa sababu ya mistari 11 ambayo mwanafunzi wa muhula wa kwanza angeiandika akingoja chai. Baada ya saa chache npm wakakirudisha kifurushi hicho mahali pake, bila ridhaa ya aliyekiondoa.

Nimebadilisha maoni yangu juu ya kisa hiki zaidi ya mara moja. Kwa sasa nadhani Koçulu alikuwa na haki ya kukasirika na haki ya kuondoka, na bado sioni kosa kurudishwa kwa left-pad. Alikuwa ameshatoa zawadi na zawadi ilikuwa imeshaliwa. Baadaye ghala lile likaweka sheria kwamba saa 72 zikishapita, kifurushi ambacho wengine wanakitegemea hakifutwi hivihivi. Naona ni haki. Ila kunikataza nisifukie kisima ni jambo moja. Kuniamrisha niamke kila alfajiri nikuchotee na kukuletea mlangoni ni jambo lingine kabisa, na hilo ndilo nililokuwa namdai yule mtu wangu. Nilidhani kumtegemea kumenipa cheo juu yake.

(Ona pia kwamba aliyekuwa na neno la mwisho siku ile hakuwa mwandishi wala watumiaji. Alikuwa mwenye ghala. Hilo tutakuja kulilia siku nyingine.)

Basi mtunzaji anaweza kupumzika, anaweza kukataa, anaweza kuandika mlangoni kwamba amefunga. Je, anaweza kugawa ufunguo? Mwaka wa 2018 Dominic Tarr aliulizwa swali hilo kwa ukali. Alikuwa ameandika event-stream miaka ya nyuma, kifurushi kilichokuwa kinavutwa mara milioni kadhaa kila mwezi, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kukitumia. Mtu asiyemjua akamwandikia akiomba kukitunza. Akampa. Mtu yule akakiongezea kifurushi kingine chenye sumu, kilichotengenezwa kuiba pesa za bitcoin kutoka kwa pochi iitwayo Copay. Watu walipomrukia Tarr, maelezo yake yalikuwa mafupi: hakuwa anapata kitu chochote kutokana na kazi ile, mtu aliomba, akampa.

Namwelewa kabisa. Na bado nadhani alikosea, kosa dogo lenye mkia mrefu. Msimbo ulikuwa wake kutoa. Jasho lilikuwa lake kulizuia. Lakini imani ya wale waliozoea njia ile haikuwa mali yake, aliishikilia tu, na kitu unachokishikilia humpi mpita njia kama shati kuukuu. Angefunga mlango na kuacha tangazo. Waliobaki wangehangaika, wangenakili, wangetafutana, na kuhangaika huko kungewalazimisha kuangalia wanakunywa wapi.

Tatizo ni kwamba kumpa mpita njia ndiko hasa tunakokudai. Rudi juu usome ujumbe wangu. Kama umechoka, si umpe mtu mwingine. Mtu gani? Sikujua, wala sikujali. Yeyote ambaye angepitisha mistari tisa kabla mteja hajapiga simu ya nne.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kuwasuta wavivu, na kweli inawafaa watumiaji wengi wa programu huria, mimi nikiwa mbele: miaka tunakula, jembe hatujaligusa. Lakini xz imenionyesha upande wa methali ambao sikuwahi kuufikiria. Ukikaa peke yako shambani miaka kumi na tano, umechoka, wageni wote wanalalamika kwamba ugali umechelewa, halafu akatokea mmoja aliyekuja na jembe lake mwenyewe, analima kimyakimya, anasema asante, utamfanyia nini? Utamkumbatia. Utampa na ufunguo wa ghala. Sidhani Collin alikuwa mjinga. Alikuwa na njaa ya mwenzake, na sisi ndio tuliomwacha na njaa hiyo.

Kuna watu wameishi na swali hili muda mrefu kuliko sisi wa JavaScript. Debian ipo tangu 1993, na kila kifurushi chake kina mtunzaji wake. Hata hivyo mwanachama mwingine anaweza kukibadilisha, mradi afuate ustaarabu: ataje tatizo hadharani, aweke kiraka chake mezani, kisha kwa kawaida akiweke kwenye foleni ya kuchelewesha ili mwenyewe awe na siku kadhaa za kusema hapana. Na kama kifurushi kinaonekana kutelekezwa na mtu anataka kukichukua, anatangaza nia yake na kusubiri siku 21. Nilipolisoma hili nilicheka, kwa sababu ni hodi. Hodi yenye kalenda. Kwetu unabisha mara tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka. Debian unabisha wiki tatu, ukikosa jibu unaingia, lakini majirani wote wamekuona umesimama mlangoni.

Naipenda sana desturi hii, ila nisiisifu kupita kiasi. Mwaka wa 2006, ndani ya Debian hiyohiyo, mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL aliondoa mistari michache ambayo chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinailalamikia. Hatuwezi kusema hakubisha hodi. Aliwauliza watengenezaji wa OpenSSL kwanza, na jibu alilopata halikumzuia. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa inaleta ubahatishaji, na bila huo funguo za siri zilizotengenezwa kwenye mashine hizo zikawa za kukisika, uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Kosa lilikaa hadi Mei 2008. Hodi ilipigwa, na aliyeitikia alikuwa nusu usingizini.

Baada ya xz wengi walisema dawa ni kitambulisho. Tujue majina halisi, nchi, mwajiri. Asiyejulikana asikaribie ufunguo. Naielewa hofu hiyo, lakini hapa lazima niseme mimi ni nani. Niliacha chuo mwaka wa pili. Ninachojua kuhusu kompyuta nilikiokota kwenye misimbo ya watu iliyoachwa wazi, nikisoma, nikivunja, nikirudisha. Hakuna aliyeniuliza cheti. Akaunti yangu haina picha, jina lake ni la utani nililopewa kidato cha tatu, mwajiri hana. Kwa macho ya mtunzaji aliyechoka huko ng'ambo, mimi na Jia Tan tunafanana kuliko ninavyopenda. Mlango alioingilia yeye ndio nilioingilia mimi. Ukiufunga kwa vyeti na waajiri, watakaobaki nje ni watu wa Githurai na Likoni. Mtu mwenye subira ya kulima shamba la mwingine miaka miwili ili amwibie hatashindwa kutengeneza kitambulisho.

Kinachonipa tumaini kidogo ni jinsi mtego ulivyofichwa. Msimbo wa xz ulikuwa wazi kwa kila mtu, na Jia Tan alilijua hilo. Sumu yenyewe aliizika ndani ya faili za majaribio ambazo hakuna anayezisoma. Kipande cha kuiamsha hakukiweka kwenye msimbo wa hadharani, alikiweka kwenye furushi la toleo, lile ambalo watu hulibeba bila kulifungua na kulilinganisha. Yaani hata yeye, mwenye ufunguo mkononi, alikuwa bado anaogopa macho. Kwa hiyo siku hizi sijali sana ufunguo uko kwa nani. Najali kama kuna mtu wa pili aliyelitazama badiliko kabla punda hawajafika kisimani. Awe na digrii, asiwe nayo. Awe Nairobi au Helsinki. Ila mtu wa pili ni jasho la mtu wa pili, na hilo haliagizwi kwa amri moja kama kifurushi. Makampuni yanayotengeneza pesa juu ya vitu hivi yanaweza kulilipa, na yanapaswa. Mimi sina pesa hizo. Nina macho.

Collin alirudi, akasafisha nyumba, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo 5.6.2.

Nami nilirudi kwenye ule mradi wa mistari tisa. Ujumbe wangu ulikuwa bado upo, na madole gumba yake kumi na manne. Chini yake mwenye mradi alikuwa amejibu, siku tatu baada ya mimi kuandika, na sikuwahi kufungua kuona. Alisema samahani kwa kuchelewa. Alisema mistari ile tisa inatengeneza tatizo moja na kuleta jingine kwa watumiaji wa matoleo ya zamani, na kama kuna mtu anaweza kumsaidia kuijaribu kwenye matoleo hayo, atashukuru.

Hakuna aliyejitokeza. Nikakaa wikendi nzima nikijaribu, matoleo sita, nikamwandikia niliyoyaona na kiraka kilichorekebishwa. Sikutaja ule ujumbe wa zamani. Labda ameutambua mwenyewe, jina ni lilelile. Labda anaangalia akaunti isiyo na picha, iliyotokea ghafla na jembe mkononi, na anajiuliza anataka nini huyu.

Hii ni wiki ya tano. Bado hajajibu, na mimi sijamuuliza.